Kanda Yenye Wino wa Buluu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekata shauri. Kanda za kaseti zinarudi, na mimi ndiye nitakayezirudisha. Shemeji, kaka wa mke wangu, tunayemwita Mjuaji, amecheka mpaka akapaliwa na chai. Ati nyimbo zake elfu sita zimo kwenye flashi iliyo sawa na ukucha. Nikamwuliza, ukucha ukidondoka kwenye zulia je? Akajimiminia chai nyingine. Ya kale ni dhahabu, lakini umwambie nani?

Jumanne, 4 Machi
Mpango: nirekodi nyimbo za sasa kutoka kwenye simu, kinyozi wa mtaani aziweke kwenye rafu yake, vijana wazigombee. Shida: kanda tupu haziuzwi tena. Nimeshusha sanduku letu la zamani kutoka juu ya kabati. Kanda nyingi zimevunjwa vile vimeno viwili vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake. Waoga! Kipande cha selotepu kwenye tundu, na kanda inarekodi kama mpya. Nimeziba kumi na mbili.

Jumatano, 5 Machi
Kazi ya punda. Wimbo wa dakika nne hurekodiwa kwa dakika nne, hakuna njia ya mkato. Naweka simu mbele ya redio kaseti, nabana pumzi. Jogoo wa jirani akawika mara mbili. Kisha mke wangu akaniuliza kutoka jikoni kama nangoja taka zitembee zenyewe hadi pipani. Yote yameingia. Nimeamua hiyo ndiyo ladha ya asili. Flashi haina jogoo.

Ijumaa, 7 Machi
Kinyozi ameuza tatu! Kumbe mnunuzi ni mmoja, na amezitundika ukutani kama mapambo. Hana hata redio ya kuzipigia. Msichana mwingine aliuliza zinachajiwa wapi. Kizazi gani hiki!
Jioni mke wangu akasema dada zake wanakuja Jumapili, nimtolee kanda yenye wino wa buluu mgongoni. Ile ya harusi yetu, marehemu mama yake akimwimbia. Nikajibu ipo. Nikaenda mbio kwa kinyozi. Ipo kweli, kwenye rafu, na selotepu yangu mgongoni. Nikairudisha nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kujitia hamnazo, lakini mke wangu alikuwa ameshaitumbukiza kanda kwenye redio. Gitaa la vijana. Jogoo. Kisha sauti yake mwenyewe, akiulizia taka. Akasikiliza mpaka upande ukaisha. Hakufoka, na laiti angefoka.
"Mama yuko wapi?" akaniuliza.
Nimeshika tama siku nzima. Mama mkwe ana miaka mitano kaburini, na sauti yake haikuwa kwingine. Naona aibu, naandika kama ilivyo.

Jumapili, 9 Machi
Mjuaji amekuja na ukucha wake. Kumbe mwaka ule wa msiba aliazima kanda ile akainakili kwenye kompyuta, na mimi nikamcheka kwamba anahangaika bure. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sauti ya mama mkwe ikajaa sebuleni, na kile kikohozi chake katikati ya wimbo. Dada zao wakalia. Mimi nikalia kuwashinda. Mjuaji akamkabidhi mke wangu flashi, akasema nakala nyingine hana, kompyuta ile ilishakufa. Mke wangu akanigeukia.
"Hii usiiguse."
Nikaapa, mkono kifuani. Nimejifunza.

Jumatano, 12 Machi
Nilisema mimi! Mjuaji amenunua kompyuta mpya na haina tundu la flashi. Amekuja kulalamika hapa kwangu, mbele yangu. Kwa hiyo hata flashi zinakwenda na maji, na sauti ya mama mkwe imo ndani ya kitu kisicho na kesho. Nyumba nzima hakuna anayeliona hilo ila mimi. Kuna mahali pamoja tu pa kumhifadhi salama. Kesho mke wangu akienda kazini nitaipiga sauti ya mama mkwe kwenye spika, redio kaseti irekodi. Flashi sitaigusa, niliapa. Nitaishika kwa kibanio cha nguo.
Kanda nimeshaipata, chini kabisa ya sanduku. Ina wino mwekundu mgongoni. Mtu amevunja vimeno vyake vyote viwili, mwoga mwingine huyo. Nimeshaziba.