Turubai Lisifunguliwe Kabla Sijamaliza

Mimi ndiye mtu pekee kutoka Endarasha mpaka Nyeri mjini ambaye maji yakimwona yanatulia yenyewe, na nasema hivyo kwa unyenyekevu mkubwa, kwa sababu hata unyenyekevu niko nao mwingi kuliko watu wote waliofika hapa leo. (Makofi. Ni ya bata wakipiga mabawa, lakini makofi ni makofi.)

Sasa itifaki. Mheshimiwa Shosho Wakiuru, mama ya mama yangu na mgeni wetu wa heshima, uliyekaa kwenye kiti cha plastiki na mfuko wa kanzu nyeupe magotini, Mheshimiwa Mzee Mwai, jirani na mwenyekiti wa maisha wa kondoo wako mwenyewe, unayenisikiliza kutoka ng'ambo ya ua, Mheshimiwa Wachuka, mpishi wa boma hili, unayenitazama na mwiko mkononi kama askari wa kaunti, waheshimiwa bata, na wananchi wote ambao wangefurika hapa kama wangealikwa, hamjambo? (Wachuka: "Theuri, fungua hiyo turubai tuone maji, niko na ugali kwa moto!")

Mheshimiwa, kaa. Uzinduzi una utaratibu wake. Turubai litafunguliwa mwishoni, baada ya hotuba, kama inavyofanyika kwa nchi zilizoendelea.

Mabibi na mabwana, itakumbukwa kwamba Bwana Kinuthia, mwenye boma hili, alipostaafu alijenga nyumba hapa na kuchimba bwawa la kuogelea mahali ambapo hata bata huyafikiria maji mara mbili kabla ya kuingia, na kwamba mwezi huu yeye na mama walienda likizo Diani kuoga maji ya watu wengine, wakaniachia mimi Theuri, mtu ambaye hakuacha shule bali shule ndiyo ilishindwa kuendelea naye ikifika Form Two, mamlaka kamili juu ya bwawa, pampu, wavu wa kutoa majani, brashi ya kusugua ukuta na ndoo ya klorini. Aliniambia akiwa tayari ndani ya gari, "Theuri, maji yakae safi. Tukirudi, Jumapili yake kanisa linakuja kubatiza hapa, na nyanya yako ndiye wa kwanza kwa laini."

Wanarudi leo jioni. Jumapili yenyewe ni kesho.

Kwa wale ambao hawana taarifa, wenzake Shosho wote wa kikundi cha akina mama walibatizwa kwa kuzamishwa mtoni miaka iliyopita, yeye akabaki kwenye ukingo akishika viatu vyao, kwa sababu mto wetu unatoka Aberdare ukiwa bado haujaamua kama ni maji ama ni barafu, na kifua chake hakitaki mchezo huo. Mchungaji Ben wa kanisa letu alipomwambia kuna bwawa lenye turubai la kushika joto la jua, alishona kanzu wiki hiyo hiyo. (Shosho: "Na nimeipiga pasi mara mbili.") Mmesikia wenyewe. Mara mbili.

Nikigeukia mafanikio, asubuhi ya kwanza nilitoa majani, nikasugua ukuta, nikawasha pampu, nikatia klorini, nikapiga picha, nikamtumia Bwana Kinuthia. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba kamati ya wataalamu, yaani mimi, iliketi chini ya ile mikaratusi na kuona hakuna haja ya kurudia kazi iliyofanywa vizuri, ikapendekeza irudiwe picha. (Wachuka: "Ati picha moja siku zote?") Picha ni moja, lakini salamu tofauti: leo "Habari ya asubuhi boss, maji ni kioo," kesho "Mungu ni mwema boss, maji ni kioo." Bwana Kinuthia aliandika kutoka Diani, "Theuri, mbona hiyo jani ya mkaratusi iko pale pale kila siku?" Nikamjibu, "Boss, huku majani iko na nidhamu." Akanitumia kidole gumba. Huo, waheshimiwa, ndio uwazi na uwajibikaji. (Bata wanatoka nje ya mkutano. Wanarudi.)

Katika sekta ya mifugo, serikali yangu haikulala. Mnajua josho la kijiji la kuogeshea mifugo lilipasuka, kondoo wakabaki kama mabasi ya kupe. Mzee Mwai akainama juu ya ua akaniambia, "Kijana yangu, hii kitu iko na ngazi ya kushukia, iko na maji, iko na dawa. Hii ni josho."

"Mzee, ni swimming pool."

"Hiyo dawa inaua nini?"

"Inaua vidudu."

"Na kupe ni nini?"

Nililiangalia swali hilo kutoka pande zote, na ukweli ni kwamba masomo yangu yaliishia kabla hatujafika kwa kupe. Public participation, yaani maoni ya wananchi, ikafanyika pale pale kwenye ua, watu wawili, sauti moja, na kondoo wakaingia kwa mstari, wakiogelea vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, Mzee Mwai akimimina kopo lake mwenyewe la dawa ya kupe "kuipatia nguvu." (Mzee Mwai: "Na tangu siku hiyo hakuna kupe hata moja!") Asilimia mia moja! Ni kaunti gani nyingine imefikia hapo? Ni kweli bwawa lilibaki na rangi ya supu, sufu ikalala juu kama blanketi, na pampu ilimeza kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Changamoto hazikosekani.

Kiongozi mdogo angejificha. Mimi nilifungua bomba la chini, nikayatoa maji yote na kuyaelekeza barabarani, mbali na kabichi za watu, na vumbi likalala kutoka langoni mpaka kwa posho mill, kwa hivyo naomba muandike pia sekta ya barabara chini ya jina langu. Kisha nikashuka na brashi, na hapa sidanganyi, nikasugua vigae siku mbili, nikatoa sufu ndani ya pampu kwa vidole vyangu hivi. Chini ya turubai hili kuna bwawa safi kuliko sahani za Wachuka. (Wachuka: "Ulitoa maji siku gani?")

Swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

(Wachuka: "Theuri. Siku gani?")

Nikimalizia, nikisema "Bwawa safi," mseme "Taifa safi!" Bwawa safi! (Mzee Mwai: "Kupe kwisha!") Inatosha. Namshukuru Mzee Mwai kwa ushirikiano, Wachuka kwa ugali anaouacha ukiungua, na Shosho, ambaye… Shosho, tafadhali rudi kwa kiti. Protokali, Shosho.

(Shosho ameinuka. Anasema, "Wacha nisikie kama yamepata joto." Anapiga magoti kwenye ukingo, anaingiza mkono chini ya turubai, anapapasa, anaingiza mpaka begani, na hapati kitu.)

Shosho, hakuna maji.

Ule mradi wa usafi wa kila siku pia haukuwako, ilikuwa picha, na hiyo ningemwambia Bwana Kinuthia nikicheka. Kondoo pia tungecheka. Kilichoharibika kweli ni siku. Laini yetu ya maji hufunguliwa Jumatano peke yake, na mimi nilitoa maji juzi Alhamisi, na nilijua, kwa sababu ni wewe ulinifundisha kupanga mitungi kila Jumatano kabla hata sijajua kuhesabu. Nilitaka yatoke tu kabla hujayaona. Nashukuru kwa kunisikiliza.

(Shosho anampa Wachuka mfuko wa kanzu ashike. Mzee Mwai anaondoka kwenye ua bila kuaga, na punda wake anasikika akifungwa kwa mkokoteni. Shosho: "Wachuka, ongeza kuni, tutapasha maji ya mto. Na wewe, mtu wa kuongea hivi yote bila kupumua, huo mlima wa mtoni na mtungi hautakushinda.")