Ombi la Kubadilishiwa Watoto Kozi na Kurudishiwa Ukimya

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pole na shughuli za kufungua muhula. Mimi ni fundi seremala, baba wa wanafunzi wako wawili, pacha, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kabati lililo katika chumba chako cha wageni, lile ambalo mlango wake unafunga bila kulia, nililitengeneza mimi, kwa hiyo ingawa hatujaonana, sisi si wageni kabisa. Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Naomba watoto wangu wabadilishwe kozi, kila mmoja apewe ya mwenzake, na chuo kinirudishie mali yangu moja nitakayoieleza hapo chini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana nilikaa na mama yao tukapanga vizuri. Kijana asome utayarishaji wa vipindi vya redio na televisheni, maana ana sauti nene na shingo inayokubali tai. Siku moja angesoma taarifa ya habari. Binti asome elimu ya watoto wadogo, maana chekechea hufungwa mchana, angewahi nyumbani. Tukawaacha wakajiandikishe wenyewe, wameshakuwa watu wazima. Wakiwa kwenye foleni yako wakabadilishana. Karani wako akawapokea hivyo hivyo, bila hata kuwauliza baba yao anasemaje.

Mimi sikuwa na habari. Muhula mzima niliwatangazia majirani kwamba kijana wangu atatokea kwenye televisheni. Siku kipindi cha wanafunzi kiliporushwa niliijaza sebule: shangazi yao, mshonaji wa mlango wa pili na mumewe, na wateja wawili waliofuata viti vyao wakalazimika kukaa. Nilitega sikio nisikie sauti ya kijana. Sikuisikia. Majina ya waandaaji yalipoanza kupita mwishoni, mshonaji akapiga ukelele kwamba mpiga picha ni binti yangu. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo na televisheni, nikamwachia yeye kazi ya kusoma. Kijana mwenyewe alikuwa sakafuni miguuni pangu, anakata karatasi za rangi ziwe vipepeo vya darasa lake. Shangazi yao akanifariji: "Kaka, vipepeo lakini vimependeza." Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

2. Kozi ya kijana imeingia nyumbani bila kubisha hodi. Siku hizi hanisemeshi akiwa amesimama. Anachuchumaa mbele ya kiti changu mpaka nyuso zetu zilingane, eti mtoto husikiliza vizuri akisemeshwa kwa usawa wake. Wala hanisifu kwa nilichotengeneza, ananisifu kwa kujitahidi. Juzi nilimaliza mboga, akaniambia, "Baba, nimeona ulivyojitahidi." Nimekuwa fundi tangu yeye hajazaliwa, leo navishwa kilemba cha ukoka kwa ajili ya mboga!

Kwenye kona ya karakana ametandika mkeka na mto, anapaita kona ya utulivu. Nilipobishana na mteja aliyedai miguu ya meza yake haijalingana (tofauti ilikuwa ndogo, sakafu yoyote mbovu ingeificha), mke wangu, mwanamke niliyemuoa mwenyewe, alininyooshea kidole kuelekea kwenye mkeka. Nikaenda. Na nilitulia kweli, jambo ambalo linanikera mpaka leo.

Baya zaidi ni ile desturi ya machaguo mawili. Mtoto haulizwi kama anataka kunawa. Anaulizwa kama ataanza na mkono wa kulia au wa kushoto. Anashughulika kuchagua, anasahau kukataa. Mimi nilidhani hila hiyo ni ya watoto tu. Jambo hili nitalirudia.

3. Binti naye alipewa kazi ya darasani: filamu fupi kuhusu mtu na kazi yake. Mtu akawa mimi. Alileta kamera karakanani akaniambia nipige randa kama kawaida. Nikapiga. "Baba, tena, mwanga haukukaa vizuri." Nikapiga tena. "Baba, samahani, tena, umepita mbele ya kamera." Mteja aliagiza ubao wa meza, lakini mpaka mwanga ulipokaa vizuri, ubao ule ulikuwa unafaa kwa fremu ya picha ya harusi.

Kisha akasema amebakiza ukimya. Nikamuuliza ukimya upi. Akanieleza kwamba kila chumba kina ukimya wake, na watu wa kazi yake huurekodi ili waupachike katikati ya maneno wakati wa kuunganisha filamu. Basi redio yangu, ambayo haijawahi kuzimwa mchana tangu niinunue, ikazimwa. Mama yao akakatazwa kugusa sufuria. Mshonaji akaombwa asimamishe cherehani, naye kwa umbea wake akasimamisha na kuja kusimama mlangoni. Tukanyamaza wote kama watu waliofumaniwa. Binti akabonyeza kitufe, akachukua ukimya wa karakana yangu, akaenda nao chuoni. Sikutia saini popote. Hiyo ndiyo mali ninayoidai.

4. Filamu ilipokamilika tulikaa kuitazama nyumbani. Mimi nilisikiliza: nikasikia randa inakwenda, nikasikia msumeno, nikaridhika. Halafu nikamsikia mke wangu ameguna. Kumbe kamera ilikuwa imeonyesha mkono wangu ukipapasa meza nzima kutafuta penseli, na penseli iko mbele yangu. Ilionyesha napima ubao kwa vidole, futi ikiwa imelala pembeni. Ilionyesha msumeno unapita karibu na dole gumba, kijana akafunika uso.

Mheshimiwa, kamera za chuo chako zina kasoro. Zinamwonyesha mtu asiyeona vizuri, wakati mtu huyo ameshawaeleza watu wote kwamba macho yake ni mazima na kwamba ni watengenezaji wa futi ndio siku hizi wanaandika namba ndogo. Siri hiyo nilikuwa nimeitunza vizuri. Fundi seremala asiyeona si fundi tena, ni mtu aliyekaa karakanani. Niliogopa. Nalisema hilo kwa sababu hii ni barua rasmi.

5. Hapo ndipo pacha wakala njama. Binti alizima filamu. Kijana akachuchumaa mbele yangu, nyuso zikalingana, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, ungependa twende hospitali Jumanne au Alhamisi?" Mimi ni mtu mwenye msimamo. Nilikataa Jumanne katakata. Nikapiga mkono wa kiti, nikasema Jumanne siendi hata mje na gari la zimamoto. Wakasema sawa, baba.

Basi Alhamisi nikajikuta hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Kijana akasema basi ni wa kozi yake, na daktari mzima akacheka mbele ya mgonjwa. Nilipolazwa kusubiri upasuaji, kijana akanifundisha kupumua kama ninayepuliza chai ya moto. Nikapuliza. Mzee wa kitanda cha pili akauliza tunapuliza nini, akaelezwa, naye akaanza. Muuguzi alipoingia alikuta wodi nzima ya wazee inapuliza chai isiyokuwepo. Nakuuliza, Mheshimiwa, hiyo ndiyo elimu ya juu?

Kutokana na hayo, naomba kijana apewe kamera na tai, binti apewe vipepeo. Ukimya wangu urudishwe kama ulivyochukuliwa, bila kupunguzwa. Machaguo mawili yapigwe marufuku kwa mtu yeyote mwenye mvi. Ili nisikusumbue, nakuachia uamue mwenyewe: ungependa kuwabadilisha kabla muhula haujaanza, au katika wiki ya kwanza?

Nisalimie walimu wa kozi zote mbili, mlinzi wa getini, mpishi, na karani wa foleni pia, ingawa sijamsamehe. Mama yao anakusalimu. Shangazi yao anauliza kama kabati bado linafunga vizuri.

Wako mtiifu mwenye kinyongo,

Fundi Seremala,
Mzazi wa wanafunzi wawili

N.B. Maneno haya ya chini ndiyo pekee niliyoyaandika kwa mkono wangu. Barua yote niliisema kwa mdomo, kijana akaandika, maana jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na la pili halinisaidii. Nilimwonya asibadilishe hata neno. Leo asubuhi bandeji imetolewa, nikaisoma mwenyewe. Hakubadilisha. Ameandika mpaka yale ya vipepeo, kwa zile herufi kubwa za kufundishia watoto, na pembeni ya kila lalamiko ameniwekea nyota.

Tafadhali usiwabadilishe. Ukimya nao ubaki huko. Binti amenisikilizisha: kuna mtu anapumua ndani yake, anasema ni mimi, nami nimekubali aendelee kuwa nao. Bandeji ilipotoka alikuwa amesimama na kamera tayari, kisha akaiweka chini akalia, na hakuniambia nirudie.

Uso wa kwanza niliouona ulikuwa wa kijana, amechuchumaa mbele ya kitanda, usawa wangu. Ana ndevu, Mheshimiwa. Nyumba nzima hakuna aliyeniambia.