Kuhusu Matanga ya Theodor Kasbohm na Dakika Zangu Tatu

Al Rayyan,
9 Novemba 2014

Kwako Bi Sabra,
Mwenyekiti, Chama cha Kufaana cha Waafrika Mashariki, Doha.

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni mwanachama nambari 88, mlinzi wa mapokezi katika jengo moja la ofisi Al Sadd. Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa habari huko Voi kwa miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kuombwa kusahihisha hata habari moja. Naandika kulalamikia matanga ya Theodor Kasbohm, ambayo chama chako kiliyaendesha bila kujua yeye ni nani.

Kasbohm alikuwa meneja wa uzalishaji wa filamu bubu, zile za zamani zisizo na sauti, huko Ujerumani. Yaani ndiye aliyehakikisha farasi, taa na chakula cha mchana vimefika kabla ya waigizaji. Jina lake nililiona miaka mitatu iliyopita katika kitabu kilichosahauliwa na mgeni pale mapokezi, limetajwa mara moja, bila maelezo. Tangu hapo nimeandikia hifadhi za filamu za nchi nne na kujaza madaftari sita. Kwa hesabu yangu alisimamia filamu saba. Kazi hii sijawahi kumsomea mtu isipokuwa Eugene, ninayeishi naye chumba kimoja, naye alilala ukurasa wa pili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe 30 Oktoba niliandika katika kundi letu la WhatsApp: “Nasikitika kuthibitisha kwamba Theodor Kasbohm amefariki. Maelezo zaidi baadaye.” Sikuweka tarehe ya kifo kwa sababu nilikuwa na chanzo kimoja tu, na mimi sitoi tarehe kwa chanzo kimoja. Baada ya dakika kumi na moja mlikuwa mmeshaunda kamati, na Dominiko ameshatoa nyumba yake ya Al Thumama. Mliniuliza nina uhusiano gani na marehemu. Nikajibu ni mtu ninayemfuatilia kwa muda mrefu. Mkanipa pole.

2. Haji alitumwa hospitali kuulizia mwili. Alipoambiwa haupo, alirudi akisema, “Hawa wanatuficha kitu.”

3. Wewe mwenyewe, Bi, uliniuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Nilisema sijathibitisha. Basi asubuhi akasomewa dua, jioni akaimbiwa nyimbo za kanisani. Sina ugomvi na ibada. Nina ugomvi na kuchukua hatua bila uthibitisho, mara mbili, siku moja.

4. Picha iliyotundikwa ukutani ilitolewa na Tony kwenye kopo la mafuta ya nywele. Tony huyohuyo alisimama mbele ya watu sitini na wawili akasema, “Jamani, huyu mzee nimepanda naye basi la kampuni juzi tu, na kiti alinipisha.”

5. Scovia alilia hadi akapepewa. Nilipomuuliza alimjuaje marehemu, alinijibu, “Kwani lazima nimjue ndiyo nilie? We kaka una roho ngumu kama mlango wa benki!” Swali langu halikujibiwa.

6. Siku ya tatu nilipata chanzo cha pili, nikatangaza kwamba Kasbohm alifariki mwaka 1961. Nilitarajia watu waone aibu. Dominiko akasema, “Miaka hamsini na tatu mtu hajafanyiwa matanga, halafu unataka tuache leo?” Pilau ikaongezwa. Nami niliyebeba madaftari sita nikapewa dakika tatu, na moja kati ya hizo ilikatizwa na sahani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kamati ivunjwe na matanga yarudiwe tangu siku ya kwanza. Mimi nisome wasifu wote, saa mbili na dakika kumi, mlango ukiwa umefungwa na chakula kikiwa nyuma ya mlango. Watu sitini na wawili sitawapata tena maishani.

Nifikishie salamu kwa kamati nzima, na kwa Scovia nikimtakia nafuu.

Wako katika ukweli,
Gerishon Maghanga

N.B. Kabla sijafunga bahasha amenipigia Dada Roselyne. Kumbe mlimpa kazi ya kuwapa habari wafiwa. Kwa siku nne amewapigia akina Kasbohm wote aliowaona mtandaoni, akimpa pole kila mmoja. Wa kumi na tisa ni mjukuu wa marehemu, bibi wa miaka sabini. Mimi kwa miaka mitatu sikufikiria kuwauliza jamaa zake. Mjukuu anasema babu alifanya kazi ya filamu siku sita, akafukuzwa kwa kuchelewa kuamka, akauza kofia maisha yake yote. Filamu nyingine sita ni za binamu yake wa jina hilohilo. Anafika Doha Alhamisi kutushukuru. Wasifu wangu nauondoa, na kamati tafadhali isivunjwe. Anauliza wafiwa tuko wangapi, maana kofia za babu bado ziko stoo na anataka kila mtu apate yake. Mimi nimeshampa saizi yangu.