Pistoni Mpya na Kilima cha Sabasaba

Jumatano, 2 Julai 1969. Nshamba.
Hatimaye! Mwenyekiti Mutembei ametangaza: gari litakalopandisha kwaya ya parokia hadi uwanja wa Sabasaba kule kilimani ndilo litakalobeba kahawa ya ushirika msimu mzima. Pikapu yangu ya dizeli ni kuukuu, lakini ina heshima zake. Tatizo ni kilima. Ikifika katikati hukohoa, husimama, kisha huanza kurudi kama mtu aliyesahau kofia.

Shemeji yangu Kashaija ana lori, naye anaitaka kazi hiyo. Kaniuliza mbele za watu: pikapu itabeba kwaya, au kwaya itabeba pikapu? Wamecheka. Hata Padri!

Mke wangu Immakulata amesema nikishindwa safari hii pikapu iuzwe, nirudi kwenye mibuni. Amesema bila hasira. Hapo ndipo nilipoogopa.

Dawa ninayo. Pistoni mpya, kubwa zaidi. Pistoni kubwa, nguvu kubwa. Nani atabisha?

Alhamisi, 3 Julai.
Bukoba kwa basi. Mzee Thakorbhai, muuza vipuri, kanionya kwamba pistoni za ukubwa huo haziingii mpaka silinda zichongwe kwa mashine, na mashine anayo fundi jirani yake. Nikamshukuru. Nikamwambia sisi Nshamba tuna mbinu zetu. Akanitazama kwa huruma, akanifungia mzigo vizuri.

Mbinu hatuna. Nitazipata njiani.

Ijumaa, 4 Julai.
Injini iko wazi kibanjani, katika shamba la nyumbani, vipande vimelala juu ya majani ya migomba. Nimesugua silinda kwa msasa kutwa nzima. Mkono si wangu tena.

Thakorbhai alisema pistoni zichemshwe kidogo ili pini zipenye. Nimetii. Sufuria iliyokuwa karibu ni ya matoke. Niliiosha! Mara moja. Baba mkwe, mzee Rugaibula, akaja kula. Akatafuna, akaonja mafuta ya mashine, akauliza kama siku hizi migomba yetu tunaipanda barabarani.

Immakulata ameificha ile sufuria.

Jumamosi, 5 Julai.
Pistoni tatu zimeingia! Ya nne imegoma kabisa. Silinda hiyo nimeirudishia pistoni yake ya zamani. Tatu zenye nguvu zitamsaidia mnyonge mmoja. Huu ndio ujamaa!

Imewaka! Inatetemeka mpaka kuku wamehama, moshi umemeza kibanja, lakini imewaka. Immakulata alitoka jikoni akasimama kutazama. Nadhani alitabasamu. Moshi ulikuwa mwingi.

Jumapili, 6 Julai.
Baada ya Misa nimemtafutia Kashaija mteja mwenye magunia ya dagaa. Kashaija kanishukuru sana, kanikumbatia. Amesema kumbe mimi ni ndugu. Dagaa wamelala ndani ya lori lake kutwa nzima, juani.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba!
Benigna, kiongozi wa kwaya, kachungulia lori, kashika pua, kaamuru kanzu zote nyeupe zipande kwangu. Immakulata kakaa mbele nami.

Katikati ya kilima injini ikakohoa. Ikasimama. Tukarudi hadi chini, polepole, kwaya ikisali kwa sauti nne. Kashaija alikuwa pale chini akitusubiri, mikono kiunoni. Nikaona msimu wangu wa kahawa unakwenda.

Ndipo nikakumbuka gia yenye nguvu kuliko zote: rivasi! Nikaiwasha tena, nikaigeuza pikapu, nikapanda kinyumenyume. Immakulata alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanishika bega. “Twende, waitu, mume wangu, usisimame!”

Tukaibuka uwanjani kwa mgongo, kwaya mbele, nyuso zikiwaelekea wageni rasmi wa sherehe, wakiimba. Wageni wakadhani tumepanga hivyo kwa heshima yao. Wakasimama! Mutembei alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka.

Jumanne, 8 Julai.
Kahawa nimepewa mimi! Mutembei ameomba tu nikamwone fundi wa Bukoba, achonge silinda vizuri kabla ya mzigo wa kwanza. Immakulata kasema hivyo hivyo. Kashaija pia. Nimewajibu kwamba mtu aliyepigiwa makofi na wageni hapelekwi kwa fundi.

Halafu leo nimesimama karibu na mashine ya kusaga ya kijiji. Ni moja tu, na haijawahi kumsumbua mtu. Inasaga vizuri. Ila ingeweza kusaga haraka zaidi.

Nimeshalegeza bolti sita.