Miadi ya Mguu wa Mama

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Mama yangu ana kisukari. Ametoka Iyula kuja kukaa kwangu hapa Tunduma kwa sababu ya kidonda cha kidole cha mguu kisichotaka kupona. Kliniki wakatupa programu ya simu: kila siku nampima sukari, nakipiga picha kidonda, natuma. Leo saa nne asubuhi daktari bingwa alikuwa auone mguu kwa video, pale pale kliniki, aseme kama kidole kinabaki au kinakatwa. Tumeisubiri siku hii mwezi mzima. Mama hakulala.

Sasa, kila mtu wa Tunduma anajua kwamba simu ikisogea mpakani inanasa mnara wa Zambia, na wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo maana tunaseti saa kwa mkono. Lakini programu ilidai saa ijiseti yenyewe, eti ndipo vikumbusho vifanye kazi. Nikaitii. (Mimi huyu, mwenye duka la vitenge hatua chache tu kutoka Nakonde, upande wa Zambia!)

Asubuhi nikapitia dukani kumwachia jirani funguo. Niliporudi nyumbani, simu inasema bado mapema. Mama tayari amevaa kitenge cha kanisani, na mguu ameuosha mara mbili.

"Mwanangu, tumechelewa. Kengele ya uji imeshalia pale shuleni."

"Mama, hii simu haikosei. Kunywa chai."

Akanywa chai. Mimi nikapiga pasi gauni. (Gauni! Kwani mimi ndiye niliyekuwa naonwa?)

Tulipofika kliniki nikaitazama saa ya ukutani, nikacheka peke yangu. Hata saa yao inakimbia! Nikakaa katikati ya watu walioshika kadi zao za karatasi, nikaanza kuhubiri. Nikawaonyesha mchoro wa sukari ya mama, unavyopanda na kushuka. Nikawaambia dunia imebadilika, waache kukaa na makaratasi.

"Mimi hapa nimewahi," nikasema, "kwa sababu simu inanipanga."

Mlango ukafunguliwa. Nesi akatutazama, mimi na mama.

"Dada, mlikuwa wapi? Daktari amewasubiri mpaka amekata video. Nimekupigia, hupatikani kabisa!"

"Nesi, mbona bado? Miadi ni saa nne."

"Na sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikainua simu juu ili benchi lote lione. Hapo hapo ndipo ilipoamua kuongea, kwa ile sauti yake ya furaha: "Hongera! Umewahi miadi yako."

Halafu mzee mmoja mwenye kadi iliyochakaa akasema taratibu, "Binti, simu yako ipo Nakonde. Wewe tu ndiye uko Tunduma."

Benchi likaangua kicheko. Hata yule aliyekuja na kikohozi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi chenyewe! Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshavua kiatu na kuanza kufungua bandeji, ili asimcheleweshe daktari.

"Kwa hiyo leo hatauona?" akauliza.

Nesi akaacha kucheka. Akainama, akautazama mguu, akaufunga upya vizuri. Bingwa mpaka wiki ijayo, akasema. Kidole kikizidi kuwa cheusi tusisubiri, tukimbie hospitali. Machozi yakanitoka pale pale, na wala sikuona haya tena.

Kwenye bajaji mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alinishika goti tu, akasema, "Wiki ijayo tutaondoka kabla ya uji."

Saa nimeshaiseti kwa mkono. Programu inalalamika tangu mchana, na ilalamike. Kidole nimekitazama tena jioni hii, nikashindwa kujua kama weusi umeongezeka au ni taa yangu tu.

Naomba msinicheke. Subirini mguu wa mama upone, ndipo tucheke wote, kwa saa za Tanzania.