Vichujio Kumi na Viwili

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wetu wa jengo amestaafu leo. Kiti kiko wazi! Bosi amesema Ijumaa atamkalisha mtu: ama mimi, karani wa manunuzi, ama Bi Stoo, mtunza stoo. Miaka kumi na moja nakingoja kiti hicho. Bosi akamalizia kwa chafya sita mfululizo. Fundi wa viyoyozi akapanda ngazi, akachungulia, akasema filta zote zimekufa kwa vumbi na hewa tunayovuta ni ya stoo ya simenti. Bi Stoo bado anatafuta miwani, mimi nimeshasema kazi hiyo niachieni.

Fundi akanisihi niandike "filta", na vipimo vyake. Nikamwambia lugha yetu haijafilisika. Nimetuma agizo duka la jumla: vichujio kumi na viwili, imara. Vipimo vya nini? Mwenye duka si mtoto.

Jumanne, 5 Machi
Sikai, sisimami. Nimekwenda mlangoni mara tisa. Nilipokwenda kunawa uso tu, mzigo ukafika, Bi Stoo akaupokea na kuufungua mbele ya ofisi nzima. Vichujio vya chai! Kumi na viwili, vyenye mikono! Imara kweli. Kwa upole wake ule wa kuudhi akaniuliza kama nafungua mgahawa. Watu hoi kwa kicheko. Nikasema ni sampuli. Sampuli ya nini, sijui. Nimevisukumia kwenye droo, na sasa droo haifungi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda mwenyewe duka la viyoyozi. Muuzaji akauliza nataka filta ya unene gani. Nene kuliko zote! Akaniasa kwamba mashine zetu ni ndogo, zitakosa pumzi. Huyu naye katumwa na Bi Stoo. Nimechukua nene kama godoro. Zilikataa kuingia, nikazipunguza kwa mkasi, nikazishindilia kwa kiganja mpaka zikakubali.

Kufika mchana upepo haupo, jasho chapachapa. Nikawaeleza wenzangu kuwa hewa safi hutoka polepole, chafu ndiyo yenye pupa. Dada wa mapokezi amehamishia meza yake kwenye ngazi.

Alhamisi, 7 Machi
Barafu! Kiyoyozi cha Bosi kimeganda barafu nyeupe pe! Nani mwingine kwenye jengo hili amewahi kuleta baridi ya kiasi hicho? Nikamkimbilia Bosi, nikamwomba asogeze kiti, akae chini yake ajionee mwenyewe. Akakaa. Fundi akaingia, akauliza ni mwendawazimu gani ameziba hewa, akazima mashine. Barafu ikaanza kuyeyuka. Bosi alikuwa bado ameinua uso.

Maji yalimwingia mpaka ndani ya kola. Nikamfuta haraka kwa kilichokuwa karibu: filta kuukuu. Chafya kumi na nne.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Stoo ndiye msimamizi. Ameleta filta nyembamba za vipimo vya fundi, na upepo unapeperusha karatasi. Bosi hajapiga chafya hata moja. Bahati tu! Nilijifungia chooni nikalia, sina haja ya kuificha shajara yangu jambo hilo. Bi Stoo alinikuta koridoni, akasema pole ndugu yangu, yeye mwenyewe yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, ikiisha, filta zibadilishwe tena, na agizo angependa niliandike mimi. Akanipa karatasi yenye vipimo na neno moja: filta. Mtego mtupu.

Jumatatu, 11 Machi
Siku mbili usingizi hauji, nagaagaa tu, mpaka kosa nimeligundua. Niliandika VI-chujio! Ki, vi, udogo huo! Wangeniletea vikubwa kwa sababu gani? Ni sarufi iliyoniponza, si akili. Vipimo vya Bi Stoo nimevikunja na kuviweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Agizo jipya limeondoka asubuhi hii, miezi mitatu kabla ya wakati wake, ili nimpiku: machujio kumi na mawili, makubwa kabisa.

Wamepiga simu sasa hivi kuuliza kama geti letu linapitisha lori. Linapitisha! Kiti hicho ni changu.