Godoro la Mlafi

Jumanne, 3 Machi

Kama si mimi, nusu ya nchi hii ingekuwa inalala chini. Sijisifu, nasema ilivyo. Mkurugenzi anatia saini tu. Godoro halitoki kiwandani mpaka mimi, mtunza stoo, nifungue kufuli. Miaka kumi na tisa. Ufunguo mmoja.

Leo nimekabidhiwa jukumu jingine zito. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ameniletea mmea. Huyu nimemlea mwenyewe tangu darasa la tatu. Sasa ameajiriwa kwenye bustani kubwa ya kuotesha miche, mwendo wa saa nne kwa basi. Amekaa dakika arobaini. Chai hakumaliza. Mmea wenyewe kioja! Kila jani lina mkia, na kwenye mkia kinaning'inia kikombe chenye kifuniko. Ndani mna maji ya utelezi. Nzi akichungulia, kwaheri ya kuonana. Nimeuita Mlafi.

Akaniuliza mara tatu, Mjomba utauweza kweli? Nikamwambia niliwahi kuotesha mpapai juu ya paa la bati, ukazaa mpaka nyumba ikainama upande. Akacheka kwa adabu. Akaniachia karatasi ya maelekezo, nimeifungia kwenye faili. Samaki hafundishwi kuogelea.

Ameondoka. Saa ya ukutani ina kelele, sikuwahi kugundua.

Alhamisi, 5 Machi

Aibu! Mlafi anaishi kwenye takataka. Nimechimbua kwa kijiko: nyuzi za makumbi ya nazi, vipande vya mkaa, vijiwe. Udongo hata chembe! Mpwa wangu bado mtoto, hajui. Nimemwaga vyote. Nimemtandikia Mlafi kitanda cha hadhi: udongo mweusi, samadi ya kuku makopo mawili, na katikati tabaka la sifongo kutoka stoo, ile ya magodoro ya daraja la kwanza. Inashika maji, inapumua. Maharusi wanailalia na hawajalalamika, mmea ni nani? Juu nikamwagia maji ya bomba, lita nzima.

Nesi mstaafu anayekaa ghorofa ya chini akapanda kuazima ngazi. Akamtazama Mlafi. Akasema polepole, kama anayepima presha, kwamba mmea huo umeumbiwa ardhi maskini, chakula chake kinaruka hewani, samadi itaunguza mizizi. Nikamuuliza tangu lini sindano zikafundisha kilimo. Akasema, Bwana Stoo, wa kwangu una mwaka wa nne dirishani. Ngazi nimemnyima.

Jumapili, 8 Machi

Mpwa kapiga simu! Nikamwambia Mlafi kawa jitu, vikombe vyake watu wanaweza kunywea uji, jana kimoja kimemeza mjusi mzima na mkia wake. Akafurahi mno. Akasema basi moyo wake umetulia. Alikuwa amepanga kuja Jumapili ijayo kumwangalia, sasa atapumzika tu nyumbani kwake.

Nikasema, pumzika mwanangu, pumzika.

Nilikuwa nimeshanunua soda mbili, endapo angekuja. Nimezinywa zote mbili leo, nikiwa nimesimama.

Jumatano, 11 Machi

Kikombe kimoja kimekunjamana kama kidole cha glovu. Nimetafakari wakati wa chakula cha mchana. (Nakula peke yangu, wakubwa hatuchangamani.) Jibu nikalipata: huu ni mmea wa nchi za joto, kwa hiyo anasikia baridi! Nimemfunika kwa nailoni ya kufungia magodoro, nikaifunga kwa kamba, nikamweka barazani kwenye jua la saa sita. Unyevu na joto kwa mpigo. Hata wataalamu hawajafikia hapo.

Jioni: Nimefungua nailoni. Mvuke umetoka kama wa sufuria. Mlafi kaiva.

Jumamosi, 14 Machi

Majani matatu meusi. Mengine yamelegea. Nimemsemesha, hakujibu. Hata siku zote hajibu, lakini leo nimeona.

Nimepeleleza. Nesi hamwagilii wa kwake maji ya bomba, anakinga ya mvua kwenye pipa nyuma ya nyumba. Siri ya ushindi! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshuka na birika, miguu peku, kimyakimya kama chui. Nilikuwa nimejaza nusu niliposikia kikohozi. Nesi, kakaa kwenye kigoda chake, kikombe cha chai mkononi, kaniangalia muda wote. Akasema angenipa ndoo kama ningebisha hodi. Kisha akaniuliza kama nimeajiriwa kuua mimea au najitolea.

Nikamjibu kwamba nafanya utafiti. Akauliza kama mpwa wangu anaujua utafiti huo. Nikasema asithubutu.

Kathubutu. Ana namba yake tangu enzi za kumtibu kifua.

Jumapili, 15 Machi

Kaja! Basi la kwanza! Saa nne asubuhi alikuwa mlangoni na mfuko wa makumbi, hajanisalimia, anauliza mgonjwa yuko wapi.

Akang'oa mizizi. Sifongo ikatoka nayo, inachuruzika maji meusi, harufu ya samadi chumba kizima. Akaiinua juu. Akaniuliza, Mjomba, hiki ni nini? Nikasema daraja la kwanza. Alijaribu kukasirika, nilimwona kabisa anajaribu, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Nesi alipanda kuuliza kama kuna msiba, na yeye akacheka. Wamenicheka watu wawili kwa mara moja. Sikumbuki lini nyumba hii ilikuwa na watu watatu.

Tumefanya kazi mpaka jioni. Makumbi tumeyaosha mara tatu, chumvi yake itoke. Tumechanganya na mkaa uliopondwa na vijiwe, maji yapite na hewa ipite. Akanieleza mizizi ya Mlafi ni myembamba, ikikaa majini inaoza, ikilishwa samadi inaungua. Maji ya bomba yana chumvi, asionje tena. Mwanga mwingi ila usiwe wa jua kali. Hewa yenye unyevu, ndiyo, lakini si ya kumfunga kama mzigo. Tumemweka kwenye dirisha la bafuni, lenye kioo cha ukungu. Nikasema ndivyo nilivyokuwa nafikiria. Akasema, najua, Mjomba.

Kala hapa. Kaosha na vyombo. Kasema atakuwa anakuja kila baada ya wiki mbili mpaka mgonjwa apone.

Jumapili, 12 Aprili

Mara ya tatu anakuja! 29 Machi alikuja pia, sikupata nafasi ya kuandika, tulikuwa tunaongea. Leo kakata majani yaliyokufa, kashona na kifungo cha shati langu. Nimemsimulia nilivyozima moto wa kiwanda kwa ndoo moja. Kasema mwaka jana zilikuwa ndoo mbili. Anakumbuka!

Mlafi ana jani jipya, na kwenye ncha kuna kitu kidogo kama tone. Mpwa kalishangilia. Mimi nimelitazama kwa mashaka.

Jumapili, 26 Aprili

Jani la pili. Lile tone limekuwa kikombe kichanga, bado kimefumba. Mpwa kaangalia saa mara nne. Kaondoka na basi la saa nane.

Alhamisi, 7 Mei

Kikombe kimefunguka! Asubuhi napiga mswaki, kifuniko kikainuka mbele ya macho yangu. Chekundu shingoni, tumbo la kijani, madoadoa. Nesi kapanda kukiona, kakipiga picha, kanipa mkono. Nikamweleza kwamba mbinu ya makumbi niliibuni mwenyewe. Hakubisha, akanipa ndoo ya maji ya mvua.

Jioni mpwa kapiga. Kazi zimebana, wana oda ya miche elfu sita. Kama Mlafi hajambo, Jumapili hii hatakuja, tutaonana mwezi wa nane. Akauliza, anaendeleaje?

Hapo nikawaza haraka, kama nifanyavyo kiwandani. Mwezi wa tatu nilisema uongo wa afya, nikabaki peke yangu. Kumbe uongo haukuwa na kosa, kosa lilikuwa upande nilioegemea! Nikamwambia hali ni mbaya. Kikombe kipya kimeoza kabla ya kufunguka. Majani yanapukutika kama nywele za mzee. Nesi mwenyewe katoa chozi.

Kisha akauliza, taratibu, ikiwa kikombe kilichooza ndicho hicho alichotumiwa picha na Nesi asubuhi. Nikasema ile ni picha ya mmea wa Nesi. Akasema Nesi hana taulo la bluu lenye tundu, kama hilo linaloning'inia nyuma ya kikombe. Nikasema picha za siku hizi si za kuamini.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, nikasikia anavuta pumzi. Akasema sawa, Mjomba, Jumapili atakuja, basi la kwanza, na nisimguse Mlafi mpaka afike.

Nimeshinda! Akili ni mali! Sasa kazi ni moja: nina siku tatu za kumfanya mgonjwa aonekane mgonjwa. Nimepaka jani moja rangi ya viatu ya kahawia. Limependeza mno, linang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Nimelifuta kwa kitambaa chenye maji ya mvua, ya bomba hapana, nayajua madhara yake. Kesho nitajaribu majani makavu ya chai, niyabandike kwa gundi.

Naandika hapa tu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mmea haujambo. Haujawahi kuwa mzima namna hii.